Maswali ya Wasomaji: Mkopaji akifilisika, wakili wa benki analipwa na nani?

Barua nyingi tulizopokea zinazunguka mstari mmoja kwenye taarifa ya mkopo, ule ulioandikwa "ada za wakili". Tumechagua tano. Majina tumeyafupisha, na tarakimu ni zile wasomaji wenyewe walizoandika.

Mume wangu alikopa benki kwa ajili ya duka lake la vifaa vya ujenzi Kariobangi, akaweka rehani nyumba ya kupangisha iliyoko Kahawa West, hatimiliki ikiwa kwa jina lake. Biashara ilianguka na Mahakama Kuu pale Milimani imemtangaza mufilisi. Benki inadai deni la msingi 4,800,000, riba 1,350,000 na ada za wakili 620,000, mbali na 185,000 za mthamini na dalali. Mthamini amesema nyumba ni 9,000,000. Je, mtu akitangazwa mufilisi si madai yote husimama? Na hizo 620,000 ni halali? – M.W., Kasarani

Mama M.W., yanayosimama ni madai ya wadai wasio na dhamana. Hao hawawezi tena kumshtaki mume wako wala kumtumia dalali. Kila mmoja anapeleka hati ya kuthibitisha deni kwa msimamizi wa ufilisi na kungoja mgao. Mwenye rehani, hapa benki, yuko nje ya foleni hiyo. Sheria ya Ufilisi ya Kenya ya 2015 inamwachia njia tatu: auze dhamana na ajilipe, aipe thamani, kisha adai upungufu pamoja na wadai wengine, au aisalimishe dhamana kwa msimamizi na adai deni lote kama mtu asiye na dhamana. Benki karibu zote huchukua ya kwanza. (Angekopa kwa jina la kampuni, na kampuni ikawekwa chini ya msimamizi wa kuinusuru, hapo benki ingehitaji ridhaa ya msimamizi huyo au ya mahakama kabla ya kuuza. Kwa mufilisi aliye mtu binafsi kinga hiyo haipo.)

Sasa ada. Anza na karatasi mbili: barua ya mkopo na hati ya rehani iliyosajiliwa. Tafuta kifungu kinachosema mkopaji atalipa gharama za kudai na kutekeleza dhamana. Kipo katika hati nyingi, lakini maneno yake hutofautiana, na tofauti hiyo ina uzito. Kuna vinavyotaja "gharama zote za kisheria kwa msingi wa wakili na mteja wake", na kuna vinavyotaja gharama za mauzo peke yake. Kisipokuwepo kabisa, benki inabaki na gharama ambazo sheria yenyewe inazitambua na zile ambazo mahakama imeamuru.

Kifungu kikiwepo, swali linalofuata ni pesa hizo zinakaa wapi kwenye mgao wa bei ya nyumba. Kifungu cha 101 cha Sheria ya Ardhi ya 2012 kinapanga mstari: kwanza kodi na ada za ardhi zinazodaiwa kwenye kiwanja chenyewe, pili rehani iliyotangulia, kama ipo, tatu gharama zinazofaa za mauzo au za jaribio la kuuza, nne mkopo, riba, gharama na pesa nyingine zilizo chini ya rehani, kisha rehani za baadaye. Kinachosalia ni cha mweka rehani, na kwa kuwa yeye ni mufilisi, kinaenda kwa msimamizi wake.

Angalia vizuri daraja la tatu na la nne. Mthamini, dalali, tangazo la gazetini na kazi ya wakili ya kuandaa mauzo vinaingia la tatu, yaani vinakatwa kabla ya mkopo wenyewe. Barua za kudai na kesi zilizopiganwa kando huwa za nne. Benki nyingi huzirundika zote pamoja, na si bure: ada iliyo daraja la tatu inalipwa hata nyumba ikiuzwa kwa bei mbovu.

Tupige hesabu, tukichukulia deni la kodi ya ardhi kwa kaunti ni 60,000. Nyumba ikiuzwa 9,000,000: ondoa 60,000, ondoa 185,000, ondoa mkopo na riba 6,150,000, ondoa 620,000 za wakili. Zinabaki 1,985,000 kwa msimamizi. Hapa benki imepata kila senti ya wakili wake, na waliomlipia ni wale waliomkopesha mume wako saruji na mabati, kwa sababu mgao wao umepungua kwa kiasi hicho hicho.

Ikiuzwa 6,800,000 mambo yanageuka. Baada ya kodi na gharama za mauzo zinabaki 6,555,000. Mkopo na riba zikilipwa kwanza, zinabaki 405,000 za wakili. Zile 215,000 zilizokosa nafasi hazina dhamana tena. Benki inazipeleka kwa msimamizi kama mdai mwingine yeyote. Mgao ukiwa senti kumi kwa shilingi, itapata 21,500. Kwa hiyo, kabla ya kubishana kuhusu ukubwa wa ada, jua kwanza kama nyumba ina thamani inayozidi deni. Isipokuwa nayo, sehemu kubwa ya bili hiyo benki inajilipia yenyewe.

Ikiuzwa chini zaidi, una hoja nyingine. Bei ikishuka asilimia 25 au zaidi chini ya thamani ya sokoni, kwenu ikiwa ni 6,750,000 kwenda chini, kifungu cha 97 cha sheria hiyo hiyo ya ardhi kinachukulia kwamba benki imekiuka wajibu wake wa kutafuta bei nzuri, na ni juu yake kuonyesha vinginevyo. Wakili wa kutetea mauzo ya namna hiyo asitiwe tena kwenye bili yenu bila kupingwa.

Umetuandikia pia mgawanyo wa zile 620,000: notisi 45,000, kesi ya zuio 150,000, "huduma za kisheria" 380,000, "gharama nyinginezo" 45,000. Tuzichambue moja moja.

Notisi: lazima ziwepo, na lazima ziwe zilitumwa. Mkopaji akikaa mwezi mmoja bila kulipa, benki inampa notisi ya kifungu cha 90 yenye muda usiopungua miezi mitatu. Muda ukiisha, inatoa notisi ya kuuza ya siku 40 chini ya kifungu cha 96. Dalali naye, kwa Kanuni za Madalali za 1997, anatoa siku 45 za kukomboa mali. Omba nakala na uthibitisho wa kuzipokea. Notisi yenye kasoro ikaandikwa upya mara ya pili ni kosa la wakili. Hakuna sababu ya mkopaji kuilipia mara mbili.

Kesi ya zuio: hiyo 150,000 umesema ilikadiriwa na naibu msajili wa mahakama baada ya ombi la mume wako la kuzuia mauzo kutupwa. Ni halali. Lakini uliza kama zile 380,000 hazina kazi ya kesi hiyo hiyo ndani yake. Hapa ndipo tunapoona udanganyifu mwingi zaidi, au tuseme uzembe, kama unataka kuwa mpole. Gharama ambazo mshindi hulipwa na mshindwa ni pungufu ya bili ambayo wakili humpa mteja wake. Kwa Amri ya Malipo ya Mawakili, bili ya mteja huongezwa nusu juu. Kama kifungu cha rehani kinaruhusu, benki inaweza kudai ile tofauti. Haiwezi kudai 150,000 na pia bili nzima.

"Huduma za kisheria 380,000" haisemi kitu. Msimamizi aitake benki ionyeshe tarehe, kazi, aliyeifanya na kiasi, pamoja na ankara ya eTIMS (mfumo wa ankara wa mamlaka ya kodi) ya wakili yenye asilimia 16 ya VAT. Wakili aliyelipwa kweli ana ankara hiyo. "Gharama nyinginezo" bila risiti zifutwe.

Aombe nani? Si wewe, na kwa kiasi kikubwa si mume wako pia. Mali ya mufilisi iko mikononi mwa msimamizi, na yeye ndiye mwenye uwezo wa kukataa hati ya deni au sehemu yake. Mwandikieni barua fupi yenye hesabu hii, nakala iende kwa Mpokezi Rasmi, afisa wa serikali wa mambo ya ufilisi. Nyumba ikiwa na thamani inayozidi deni, wadai wengine watakuwa upande wenu, maana kila shilingi inayokatwa kwa wakili inaingia kwenye mgao wao. Suala likienda kwa naibu msajili kukadiriwa na uamuzi usiwaridhishe, muda ni mfupi: siku 14 za kumpa taarifa ya pingamizi na kuomba sababu zake, kisha siku 14 tangu kupata sababu za kwenda kwa jaji. Watu wengi hupoteza haki yao kwa kungoja sababu zije zenyewe.

Nimesikia kwamba benki hairuhusiwi kudai zaidi ya mara mbili ya mkopo. Deni langu lilikuwa 1,200,000 lilipoacha kulipika, sasa wanataka 2,790,000. Wamesema ziada ni wakili. – F.O., South B

Wanaweza kuwa sahihi, Ndugu F.O., ila usikubali kabla ya kuona karatasi. Kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki, kilichoanza kutumika tarehe 1 Mei 2007, kina sehemu tatu: deni la msingi lililokuwepo mkopo ulipoacha kulipika; riba ya mkataba isiyozidi deni hilo la msingi; na gharama zilizotumika kudai. Sehemu ya tatu haina kikomo cha mara mbili. Kwako, mbili za kwanza zinafika 2,400,000, na 390,000 zinadaiwa kuwa za wakili na dalali.

Kagua mambo mawili. La kwanza ni tarehe. Kwa vipimo vya Benki Kuu, mkopo huhesabiwa kuwa haulipiki ukipitisha siku 90. Benki ikisogeza tarehe hiyo mbele, riba iliyolimbikizwa katikati inageuka kuwa "deni la msingi" na kikomo kinapanda nayo. La pili ni namna ada ilivyoingizwa. Mara nyingi utaona wakili ameandikwa kwenye akaunti ya mkopo mwezi fulani, na mwezi unaofuata riba imetozwa juu ya jumla yote. Ada iliyoingia baada ya mkopo kuharibika haiongezi deni la msingi la kifungu hiki. Omba taarifa ya akaunti tangu siku ya kwanza, pitia safu ya makato kwa kalamu, na kila ada utakayoipata uitoe uone riba inashuka kiasi gani. Kazi hiyo inachosha, lakini kwenye mikopo ya miaka sita au saba ndiko pesa zilikojificha.

Sheria inasema gharama "zilizotumika". Makadirio ya wakili ya kazi ambayo hajaifanya si gharama iliyotumika.

Nilichukua mkopo wa logibuku, dhamana ikiwa gari langu. Barua ya wakili inataka deni "pamoja na asilimia 10 ya ukusanyaji". Nikijitangaza mufilisi, hiyo kumi nayo inabaki? – K.N., Umoja

Asilimia haithibitishi kwamba kuna aliyetumia pesa. Soma mkataba wako: kama hiyo kumi haimo, iliandikwa na mwenye barua na haikufungi. Kama imo, Sheria ya Kulinda Wateja ya 2012 bado inataka tozo za kuchelewa kulipa ziwe za kiasi kinachofaa na ziendane na gharama za kisheria za kudai au za kuitwaa dhamana. Barua moja ya ukurasa mmoja kwa deni la 400,000 haigharimu 40,000. Gari likichukuliwa na kuuzwa, gharama zinazofaa za kulikamata, kulihifadhi na kuliuza zinatangulia, hizo utazilipa. Yadi hutoza kwa siku, kwa hiyo usiliache gari huko ukibishana kuhusu barua.

Mimi ni msambazaji wa rangi, Industrial Area. Mteja wangu amefilisika akiwa na deni langu la 700,000. Benki inajilipa wakili wake; mbona wangu silipwi? – A.H., Eastleigh

Kwa sababu benki inajilipa kutoka kwenye nyumba iliyowekwa rehani kwake, nawe huna kitu cha kushika. Ila kuna milango miwili. Kama wewe ndiye uliyepeleka ombi la ufilisi mahakamani, gharama zako zinazofaa za ombi hilo ziko daraja la kwanza la Jedwali la Pili la Sheria ya Ufilisi, pamoja na malipo ya msimamizi. Hapo unawatangulia hata wafanyakazi, ambao mishahara yao ya miezi minne inalindwa hadi 200,000 kila mmoja, na pia kodi za serikali. Ndiyo maana wafanyabiashara wenye madeni ya mteja mmoja wanapokutana, ni busara wakubaliane mapema nani apeleke ombi, maana wakili wa huyo ndiye mwenye matumaini. Mlango wa pili: kama ulikwisha kumshtaki na ukapewa gharama kabla ya amri ya ufilisi, zijumlishe kwenye hati yako ya deni. Zitapata mgao ule ule wa zile 700,000.

Wakili uliyemlipa kujaza hati ya deni ni juu yako. Fomu yenyewe unaweza kuijaza ukiwa na ankara, noti za kupokelea mzigo na taarifa ya akaunti ya mteja.

Kaka yangu anaishi Dallas, Marekani. Ameomba ufilisi wa Sura ya 13, ule wa kulipa madeni kidogo kidogo kwa mpango, ili asipoteze nyumba. Nyumba ni dola 310,000, anadaiwa 280,000. Mkopeshaji ameongeza dola 2,150 za mawakili. Anatuomba tumchangie. Tumchangie, au hizo dola hazidaiwi? – R.A., Lang'ata

Msitume kwanza. Marekani ina kanuni iliyoandikwa waziwazi, kifungu cha 506(b) cha Sheria yao ya Ufilisi: mwenye dhamana inayozidi deni anapata riba pamoja na ada, gharama na tozo zinazofaa, mradi mkataba au sheria ya jimbo inaziruhusu. Mahakama ya Juu ya huko iliamua mwaka 1988, katika kesi ya Timbers, kwamba ambaye dhamana yake haifiki deni halipwi fidia ya riba kwa kucheleweshwa. Mwaka 2007, katika kesi ya Travelers dhidi ya PG&E, ilisema ada iliyo kwenye mkataba haikataliwi kwa sababu tu wakili alibishana kuhusu sheria ya ufilisi yenyewe. Kaka yako ana ziada ya dola 30,000, kwa hiyo hoja ya "dhamana haitoshi" hana.

Lakini kwa malimbikizo ya nyumba anayoishi kipimo ni kingine. Mpango wa Sura ya 13 unapolipa malimbikizo, kiasi chake hufuata mkataba na sheria ya jimbo, na kuna Kanuni ya 3002.1 inayomlazimu mkopeshaji kutoa taarifa ya kila ada mpya ndani ya siku 180 tangu ilipotumika. Taarifa iende kwa mdaiwa, kwa wakili wake na kwa msimamizi. Mdaiwa naye ana mwaka mmoja wa kuiomba mahakama iipime. Mkopeshaji asiyetoa taarifa anaweza kuzuiwa kuitumia ada hiyo kama ushahidi baadaye, na hata kuamriwa kulipa gharama za upande wa pili.

Kaka yako amwulize wakili wake mambo haya leo: taarifa iliwasilishwa tarehe gani, ada ni ya kazi gani, na mkataba wa nyumba una kifungu gani cha ada. Ikiwa siku 180 zilipita, familia ya Lang'ata haina haraka ya kuchanga. Ikiwa taarifa ni sahihi na iko ndani ya muda, dola hizo huweza kuingizwa kwenye mpango wa miaka mitatu hadi mitano, na malipo ya kila mwezi yakapanda kidogo. Hapo mchango wenu utamsaidia zaidi ukienda kwenye malipo ya mwezi, yasikatike, kwa sababu mkopeshaji akirudi mahakamani kuomba ruhusa ya kuuza nyumba kwa malipo yaliyokosekana, ombi hilo nalo lina bili yake ya wakili.